Lililoitwa Ua la Katekista

Uchoyo una nyuso nyingi, na ulio mbaya kupita zote ni ule unaojiita utunzaji. Mwenye kuficha mahindi wakati wa njaa tunamjua upesi na kumlaani bila kigugumizi. Lakini mwenye kuficha kitu kizuri kwa hoja kwamba wengine watakiharibu, huyo tunamwita mtu makini, tunamwachia funguo, na tunamsifu mbele ya watoto wetu. Nilikuwa nimesoma mengi juu ya kosa hili kabla sijaliona. Nililiona Makere, nilikohamishiwa kufundisha sekondari, nikapanga nyumba inayotazamana na kanisa dogo la kigango, nikawa jirani wa mtu ambaye watu wote walimwita Katekista. Jina lake la ubatizo nalijua. Sitaliandika, kwa sababu mwenyewe asingependa, na sababu yake itajulikana mwishoni.

Alikuwa mrefu na mkavu, mwenye koti la kahawia alilolivaa kiangazi na masika. Kengele ya pili ikishalia, alifunga mlango wa kanisa kwa komeo, na aliyechelewa alisali akiwa nje, awe mzee, awe mjamzito. Nilimwona akimwacha mwenyekiti wa kijiji kwenye manyunyu, kofia mkononi, hadi baraka ya mwisho. Lakini mtu huyohuyo, siku jirani yetu maskini alipofia kwa ndugu zake Buhigwe na padri akashindwa kufika kwa ajili ya tope, alikata milima kwa miguu, akaongoza maziko, akarudi na homa iliyomlaza. "Mtu asizikwe kimya kama mbwa," alisema, basi. Sikupata kumsikia akiitaja safari ile tena. Waliomchukia kwa komeo la mlango walimpenda kwa makaburi, na wengi walikuwa watu walewale.

Katika mbegu pia alikuwa mkarimu, ila kwa sharti lake. Mimi ni Mha wa Kibondo, na ninajua kuwa katika vilima vyetu mbegu hainyimwi. Jirani akija na kikapu kitupu mvua zinapokaribia, unampa maharage hata kama mmekosana. Kumnyima ni aibu inayozidi aibu ya kuiba. Na mbegu ngeni huchukua jina la mkono ulioileta. Nyumbani kwetu tulikula maharage yaitwayo Tereza, kwa kuwa mwanamke aliyeitwa Tereza aliyaleta ndani ya kitenge kutoka alikokuwa ameolewa. Amekwisha kufa zamani, na watoto wasiomjua bado wanatumwa shambani kuchuma Tereza. Kwa watu wasio na minara wala sanamu, sijui njia nyingine ya heshima ya kumkumbuka mtu.

Katekista alitoa maharage, akatoa vipando vya mihogo, akatoa machipukizi ya migomba. Kitu kimoja tu hakukitoa.

Kati ya nyumba yake na kanisa ulisimama mvumu mkubwa, mti ambao wazee wetu waliupanda kwenye maboma, wenye matawi yanayotanda kama paa. Chini yake ulikuwapo mstari wa vichaka vya maua vifikavyo begani, vyenye majani ya kijani kizito. Mvua za kwanza zikinyesha, vilichanua vyote kwa pamoja: ua lilifunguka zambarau, kesho yake likapauka, kisha likawa jeupe kabisa kabla ya kuanguka, hivyo kichaka kimoja kilibeba rangi zote hizo kwa wakati mmoja. Harufu yake iliingia kanisani jioni, nzito na tamu, hata waliokuja kusali kwa mazoea tu walinyamaza kidogo. Wataalamu bila shaka wana jina lake. Sisi tuliliita ua la Katekista.

Hapo ndipo palipokuwa na uongo wa kwanza. Aliyelileta hakuwa yeye. Alikuwa mke wake, aliyefanya kazi jikoni kwa masista huko Kibondo alipokuwa msichana, na alipoolewa akaja na vijiti vya ua hilo alivyovifunga kwa maganda mabichi ya mgomba. Kwa desturi lilistahili kuitwa kwa jina la mama yule. Lakini vichaka vilikua kando ya kanisa, na aliyepiga kengele ya kanisa alikuwa mumewe, basi watu wakalipa jina lake, naye hakuwasahihisha. Nilimkuta mke huyo akiwa hai bado, mnyonge wa kifua, mwepesi wa kucheka. Nilipomwuliza kama haimuumi, alisema, "Muacheni, Mwalimu. Mtoto huitwa kwa baba, hata kama baba hakuamka kumnyonyesha."

Kuvitunza, lazima niseme ukweli, Katekista alivitunza. Alikataza majivu kumwagwa hapo, na kwetu majivu humwagwa kila mahali. Alisema yanayageuza majani kuwa njano. Hakupitisha jembe karibu na shina, kwa kuwa mizizi yake hulala juujuu. Aliweka majani yaliyooza ya mvumu wenyewe, mkono kwa mkono. Alipogoa maua yakishaanguka, si kabla. Na juu ya yote alijua kuwa kichaka kile kinaishi kwa kivuli. "Jua ni rafiki wa mahindi," alituambia. "Hili linataka jua la kuchungulia tu." Maneno hayo aliyapata kwa mkewe. Alipoyasema yeye, yalionekana kuwa yake.

Aliyeomba kijiti cha kupanda alijibiwa kwa msemo mmoja: "Kizuri kikienea hugeuka jani." Bibi arusi mmoja alikuja na mama yake kuomba tawi la kushika wakati wa kufunga ndoa. Akamwambia, "Mwanangu, uzuri wako watosha," kisha akaenda zake kana kwamba amempa zawadi. Msichana yule aliolewa na maua ya plastiki kutoka duka la Kasulu mjini. Kiongozi wa kwaya, mama mwenye ulimi usio na lijamu, hakulimeza jibu hilo.

"Katekista," alimwambia mbele yetu sote, "siku ukifa tutakuzika na maua ya plastiki. Maana yako mwenyewe hutaturuhusu kuyakata."

Watu walicheka. Naye alicheka, ila kwa meno tu.

Mkewe alipokuwa karibu kufa aliomba jambo moja, nami nilikuwapo pamoja na wanawake wa jumuiya. Aliomba kichaka kimoja kipandwe juu ya kaburi lake. Mumewe alimshika mkono akaitikia. Lakini baada ya maziko hakupanda. Makaburi yetu yako juu ya mteremko, hayana lango, na kila apitaye angeweza kuvunja tawi. "Wataling'oa," aliniambia. "Nitamletea maua yaliyokatwa." Na kweli, kila Siku ya Marehemu Wote, mvua zikiwa zimekwisha kuanza, alikata maua na kuyalaza juu ya udongo. Yalinyauka kabla ya jua kutua. Mwaka baada ya mwaka alimpa marehemu kilichokatwa, akabakiza chenye mizizi.

Hakuwa mnafiki. Mnafiki anajua anachoficha. Yeye aliamini kabisa kuwa anaokoa kitu duniani.

Kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu haiko mbali nasi, na Wakongo wengi walikuja sokoni Makere na vitenge, sabuni na samaki wakavu. Wachache walisali nasi kigangoni. Jumapili moja, wakati watu wakitoka kanisani, Katekista alimkamata mwanamke mmoja wa kambini akiwa na kijiti cha ua lile mkononi, kimevunjwa sasa hivi, utomvu wake bado mbichi. Alimshika kifundo cha mkono na kumsimamisha mbele ya waumini.

"Tazameni," alisema. "Tunawakaribisha Mezani, wanatuibia mlangoni."

"Papa, pardon," mwanamke alisema, akimwomba baba wa watu radhi kwa Kiswahili cha kwao Kongo. "Miye si mwizi. Niliona ile maua iko muzuri, nikasema nikate kamuti kadogo tu. Mutoto wangu tulimuzika hapa kambini. Kaburi yake haina kitu."

"Uliomba?"

"Nilisikia munasema weye unakataliaka watu."

Kiongozi wa kwaya aliguna. Huenda mguno ule ndio uliomchoma Katekista, kwa maana alisema neno ambalo hata leo nikilikumbuka najisikia baridi: "Mkimbizi hapandi. Mkimbizi hupita."

Mwanamke alivuta mkono wake, akaondoka taratibu na kijiti chake, wala hakuna aliyemzuia. Tangu siku hiyo hakusali nasi tena. Jina lake hakuna aliyeliuliza. Ikibidi atajwe, alitajwa kuwa yule mwizi wa maua.

Sasa nije kwenye anguko lenyewe.

Ilitangazwa kwamba askofu angetutembelea mvua za kwanza zikinyesha, kubariki kengele mpya. Ingekuwa ni mara ya kwanza kwa askofu kufika kigangoni kwetu tangu nihamie. Katekista alibadilika. Alisimama barabarani, mahali ambapo gari la askofu lingesimama, akatazama kanisa, akagundua jambo lililomsumbua kuliko dhambi: kutoka barabarani vichaka havionekani. Tawi la magharibi la mvumu, lile nene lililoshuka hadi karibu na ardhi, liliyafunika maua yote.

Ilikuwa katikati ya kiangazi. Alikuja kwangu asubuhi.

"Mwakeye, Mwalimu."

"Mwakeye, Katekista."

"Nataka kulitoa lile tawi."

Nilimkumbusha maneno yake kuhusu jua la kuchungulia. Nilimkumbusha pia kuwa mkewe alikuwa akisema tawi hilo lisiguswe.

"Nayajua," alisema. "Lakini fikiri. Kama kwa mwanga kidogo yanachanua vile, kwa mwanga mwingi itakuwaje? Baba Askofu atashuka kwenye gari aone zambarau tupu, kutoka mlangoni hadi kwenye kengele."

"Na yakiungua?"

"Nitamwagilia."

Nilibishana naye, lakini mtu aliyekwisha kujiona akisifiwa hasikii. Tawi lilikatwa siku hiyohiyo, na kwa kuwa mafundi wa msumeno walikuwa tayari wamepanda, yakakatwa na mengine mawili. Wanakijiji waliyabeba na kuyachimbia kuwa nguzo za uzio. Kivuli kilichokuwa hapo tangu babu zetu kiliondoka kabla ya chakula cha mchana.

Jua la kiangazi chetu halina haraka. Kwanza majani yalipauka. Kisha kingo zake zikawa kahawia, zikajikunja kama karatasi iliyosogezwa karibu na moto. Katekista alichota maji kisimani asubuhi na jioni, akiwa na umri ule, ndoo kichwani kama mwanamke, naye hakujali kuchekwa. Alitundika magunia na mikeka juu ya vichaka, upepo ukaifumua. Nilimwona mchana mmoja amesimama yeye mwenyewe upande wa magharibi, koti lake amelitandaza kwa mikono miwili, akijaribu kukipa kichaka kimoja kivuli cha mwili wake. Nilirudi ndani. Kuna mambo ambayo si halali kuyatazama.

Mvua zilipokuja, mahindi yalichipua, magugu yakachipua, na zile nguzo za mvumu zilizochimbiwa kwenye uzio wa watu zikatoa majani. Vichaka havikutoa hata jani moja.

Askofu alifika. Kwaya iliimba, kengele ikabarikiwa. Akitembea kutoka kanisani, mzee yule mwema, asiyejua lolote, alisimama mbele ya ule mstari wa vijiti vikavu, akamgeukia mwenyeji wake kwa upole.

"Katekista, kuni hizi zikusanywe basi. Watoto wasije wakajichoma."

"Ndiyo, Baba Askofu," alisema.

Jioni alizing'oa. Hakuchoma hata moja. Alizifunga kwa kamba na kuziweka chini ya kitanda chake. Siku ya Marehemu Wote iliyofuata alipanda makaburini mikono mitupu, kwa mara ya kwanza tangu afiwe na mkewe. Alisimama mbali na kaburi, kama mdaiwa anavyosimama mbali na mlango.

Tulikwenda pamoja Kibondo, kutafuta mama wa vichaka vile katika bustani ya masista. Niliifahamu bustani hiyo utotoni. Tulikuta ghala la bati na uwanja wa kuegesha magari. Sista aliyetupokea alikuwa kijana, hakujua kuwa pamewahi kuwa na maua. Tukauliza majumbani, tukauliza mashuleni. Watu walilikumbuka, walieleza hata harufu yake, lakini hakuna aliyekuwa nalo. Njiani kurudi, kwenye basi, Katekista alitazama dirishani muda mrefu.

"Kama ningempa yule bibi arusi," alisema.

Sikumfariji. Nilidhani, na bado nadhani, kuwa kumfariji kungekuwa kumwibia.

"Kama ningempa hata mke wangu," akaongeza.

Baada ya hapo alilegea. Aliacha komeo la kanisa wazi. Watu walichelewa watakavyo, naye hakusema kitu; na nilishangaa kuona kuwa waliokuwa wakinung'unikia ukali wake sasa walinung'unikia ukimya wake. Ilisemekana Katekista hamalizi mwaka.

Alasiri moja ya masika tulikuwa tumekaa barazani kwake. Mwanamke alipanda njia kutoka sokoni akiwa na kopo la bati kichwani, la yale mafuta ya kupikia yanayogawiwa kambini. Alipolitua, kiongozi wa kwaya, aliyekuwa akipeta maharage kando yetu, alisema kwa sauti, "Mungu wangu. Ni yule mwizi."

Ndani ya kopo kulikuwa na mche wenye majani ya kijani kizito na ua moja la zambarau.

"Nilisikia pale sokoni maua yako ilikufa," mwanamke alisema. "Yangu iko. Imekuwa mingi."

Katekista alisogea hadi ukingoni mwa kiti.

"Uliipandaje?" aliuliza. Sauti ilikuwa ya mtu anayeulizia mtoto aliyepotea.

"Miye sijue kupanda maua, Papa. Nilikasimika nyuma ya bafu, chini ya ndizi, kwa sababu nafasi ingine haikukuwa. Maji ya kuoga inapitaka pale. Kalikaa tu kama kamekufa. Kisha kakatoa. Nikapeleka kwa kaburi ya mutoto. Na majirani wakaniomba, nikawapa."

"Uliwapa wote?"

"Sasa nitawakatalia na nini? Si ni maua?"

Nilimtazama Katekista. Nilijua kuwa kila kitu kilichobaki cha maisha yake kilikuwa ndani ya kopo lile, na kwamba ili akipokee ilimbidi akipokee mkononi mwa mtu ambaye yeye mwenyewe alimtukana hadharani. Kwa muda nilihofia kuwa angekataa. Kiburi kimewaua watu wenye njaa mbele ya sahani iliyojaa.

"Papa," mwanamke alisema, na sasa kulikuwa na ncha kidogo katika maneno yake, "ulisemaka mukimbizi hapandake, anapitaka tu. Alors, basi, miye niko karibu kupita. Nimesema, niache kitu."

Katekista alinyoosha mikono yote miwili, kama mtu anavyopokea kitu kwa mkubwa wake. Aliliweka kopo mapajani, akainamisha kichwa juu yake na kulia bila sauti. Mwanamke hakungoja ashukuriwe. Alichukua kitambaa chake cha kubebea, akaaga, akashuka njia. Wakati Katekista anainua kichwa, njia ilikuwa tupu.

Muda si mrefu nilihamishiwa Kasulu mjini, na kwa miaka kadhaa habari zake nilizipata kwa kusikia tu. Nilirudi Makere Siku ya Marehemu Wote mwaka jana, kwa ajili ya kaburi la rafiki. Mvua ilikuwa imeacha kunyesha muda huo. Nilipanda mteremko nikisikia ile harufu kabla sijaona kitu.

Makaburi yalikuwa yamebadilika. Kila penye mti wa kivuli, chini yake palikuwa na kichaka cha zambarau na nyeupe. Juu ya kaburi la mke wa Katekista ulisimama mvumu mchanga, uliotokana na nguzo ya tawi lililokatwa, na chini yake kichaka kilichofika kiunoni. Yeye mwenyewe alikuwa amekaa juu ya jiwe, macho yamefifia kabisa, koti lilelile la kahawia. Alinitambua kwa sauti.

"Nilipanda kivuli kwanza, Mwalimu," alisema. "Nikangoja. Mama huyu alingoja zaidi."

Aliniambia pia kuwa alikwenda kambini kumtafuta yule mwanamke. "Nilimwita mwizi mbele ya watu, kisha nikapokea mche wake bila kumwuliza anaitwa nani." Alikuta nyumba ina watu wengine. Amerudi kwao ng'ambo ya ziwa, ama amepelekwa nchi ya mbali, majirani hawakukubaliana. Jina lake walimpa. Alilibeba hadi nyumbani akilirudia njia nzima, asije akalisahau.

"Mbona usilipe ua jina la mkeo?" nilimwuliza.

"Ua lake nilimnyang'anya, nikalivika jina langu hadi likachakaa. Hawezi kurudi kulidai, na nikimrudishia sasa nitakuwa najisafisha tu. Huyu wa pili sitamnyang'anya."

Tulikuwa tukizungumza hivyo wakati mgeni mmoja, mwanamke kutoka Buhigwe aliyekuja kwenye kaburi la mama yake, alipotusogelea na kuomba kijiti. Katekista alipapasa kichaka, akapata tawi changa, akalikata chini ya kifundo na kumpa.

"Majivu usiweke. Lifiche jua," alisema. "Na ukiombwa, toa."

"Ahsante, babu. Linaitwaje?"

"Ua la Katekista," alijibu kiongozi wa kwaya, aliyekuwa akipalilia karibu, kwa mazoea ya miaka mingi.

"Hapana," alisema mzee. Aliinuka kwa fimbo yake, akamwelekea mgeni kwa macho yasiyoona, akalitamka polepole ili alishike vizuri na kulipeleka Buhigwe bila kulipotosha:

"Linaitwa Anjelina Wilondja."